Kiganja kwenye Ukuta wa Nyumba Ndefu

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Ukungu wa ziwa umelala juu ya mahindi mpaka saa sita. Sina raha.

Binti yangu Ruti ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu. "Mama, andika humo, usitugombeze sisi peke yetu." Bon, haya. Leo wa kugombezwa ni mimi.

Hapa Nakivale, kambini kwetu Uganda, tuna majengo matatu ya zamani. Yalijengwa na wakimbizi waliotutangulia, wale waliorudi kwao kabla sisi hatujafika kutoka Kivu, Kongo. Kuna kanisa, kuna godauni la chakula, na kuna nyumba ndefu ya udongo ambamo watoto wa chekechea wanasoma. Watu wa ofisi moja ya Mbarara wamesema hayo ni majengo ya historia, yasiachwe yaanguke, ila vifaa vya mwaka huu vinatosha jengo moja. Kamati yetu ya kambi ipange lipi litangulie, lipi lisubiri.

Katika kamati mimi ndiye mkubwa wa umri. Wiki iliyopita nilisema kanisa, maana paa linavuja mpaka kwenye mimbari. Salome, mwalimu wa chekechea, akabisha, akiniita bibi kama wote wanavyoniita: "Koko, nyumba ya batoto inapasuka mingi." Nikamwambia ilipasuka yeye akiwa bado mtoto na mpaka leo imesimama, na anayemweka Mungu nyuma ya uji wa watoto ajitazame vizuri. Nikishasema, watu hunyamaza, nami nimezoea kudhani hiyo ni heshima.

Sasa niseme kweli, maana humu hakuna wa kunijibu.

Sikuchagua kanisa kwa ajili ya Mungu.

Tulipofika, mwaka ule wa vita, tulipewa nyumba ndefu tulale, familia tano. Nje, kando ya mlango, kulikuwa na alama ya kiganja cha mtoto katika udongo wa ukuta. Kwetu pia, mama akimaliza kusiriba nyumba mpya, hukamata mkono wa mtoto wake na kuukandamiza kwenye ukuta mbichi, ili nyumba imjue mwenyewe. Basi nyumba ile ilikuwa na mwenyewe, na si sisi. Nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikapiga magoti, nikakifunika. Hapo nilipopiga magoti kilikuwa usawa wa tumbo langu, kidogo kama jani la maharage. Nilisikia vibaya, mchana kweupe, kama nimefunika uso wa mtu anayepumua.

Tangu siku ile sipiti mlango ule. Mjukuu wangu Furaha nikimpeleka shule, namwacha njiani amalizie mwenyewe. Na nyumba yenyewe niliitakia ianguke polepole, bila mimi kuonekana.

Leo fundi Mugisha amekuja kutoka Mbarara kupima kanisa, akaomba aone na yale mengine. Nikafuata, ningesema nini? Udongo wangu wa miaka kumi na sita umeanguka wote. Kiganja kiko pale.

Nilikuwa nimesimama, na kilikuwa usawa wa kiuno changu.

Ndani watoto walikuwa wanahesabu kwa sauti moja, migongo yao imeegemea ukuta ule ule. Nikamuuliza fundi kama ukuta unaweza kupanda juu. Akacheka, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Mukaaka, ukuta haipandi. Chini ndiyo inashuka." Akachukua mpini wa jembe, akausukuma chini ya ukuta. Uliingia nusu nzima bila kugusa kitu. Maji ya paa yamekula ardhi miaka yote hii, na upande ule nyumba imekalia hewa.

"Mulipanga gani kwanza?" akauliza.

Salome hakunitazama. Heri angenitazama.

"Mutoe batoto inje," nikasema, na haikuwa sauti yangu ya kamati. Walitoka wakiimba. Furaha alikuwa wa mwisho, na vumbi la ukuta mgongoni. Hapo hapo, mbele ya fundi, nikamwambia Salome kwamba nimekosea, na nyumba ya watoto iandikwe ya kwanza. Kanisa lisubiri. Pasta akiuliza kama Mungu anyeshewe, nitamwambia mvua ni ya Mungu mwenyewe, anaijua.

Ningeishia hapa. Lakini walipoondoka nilibaki mlangoni.

Maji yanaeleza kwa nini kiganja kimepanda kutoka chini. Nikaweka mkono wangu juu ya kile kiganja, kidole juu ya kidole, na mkono wangu ukaenea humo barabara. Mkono wangu mimi, mwanamke mzee. Najua mvua hupanua shimo, sikusoma lakini si mjinga. Ila mvua gani inarefusha vidole vitano sawasawa?

Tena ukuta wote ulikuwa umelowa. Ndani ya kiganja kulikuwa kukavu.

Safari hii sikukifunika. Kesho fundi anaanza kujaza mawe chini, na nimemkataza kugusa fasi ile ya kiganja. Furaha nitampeleka mimi mpaka kwenye turubai watakaposomea. Kabla sijaondoka niliinama karibu na ukuta, nikasema polepole, kama ninavyowasema wajukuu wakizidi: tumekusikia, nyumba yako inatengenezwa.

Sasa acha kukua.