Chuma Chako cha Kuchomelea Kimebaki Kwangu

Baba Neema, mume wangu,

Simu yako bado inalia. Nimeiacha pale pale juu ya kabati la jikoni, iko kwenye chaji, na watu ambao hawajapata habari wanazidi kupiga wakimtafuta fundi wa thamostati. Tangu tukuzike nimekuwa nikiiangalia tu ikitetemeka hadi inyamaze. Leo nimeketi nikuandikie, na barua yenyewe nataka isomwe na kila mtu, maana kuna jambo ulinikataza kulisema na mimi nimelisema. Siombi msamaha. Wewe tulia nikusimulie, kama ulivyokuwa ukitulia na kikombe chako nikitoka zamu pale hospitalini.

Unakikumbuka kile chumba chetu cha Winson Green? Baridi ya mwaka wetu wa kwanza hapa Uingereza, ukuta unatoa maji, mimi nalala na koti. Wakala wa nyumba akaja, akabofya ile thamostati ya ukutani inayoamuru joto la nyumba, akatikisa kichwa, akasema imekufa, tungoje mpya. Tungoje mpaka lini, hakusema. Alipotoka tu, wewe ukavua saa yako, ukazima umeme, ukakifungua kile kisanduku kidogo kando ya boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto. "Watu wanamlaumu aliye ukutani," ukaniambia, "na mgonjwa yuko huku nyuma." Ukanionyesha bodi inayoupunguza umeme wa nyumba uwe mdogo wa kutumika, na juu yake kapasita ya manjano, kidude kinachofanya kazi hiyo, ndogo kuliko kipande cha sukari. Hiyo ndiyo huchoka. Ikichoka, taa inawaka vizuri kabisa hadi uombe joto. Ukiomba joto, swichi ya ndani inajaribu kushika, umeme hautoshi, kila kitu kinazima na kuanza upya. Ta-ta-ta-ta. Kidude kidogo namna hiyo kimechoka, nao wanataka utupe mtambo mzima! Siku ile ulikasirika mpaka nikacheka, ukatia kapasita nyingine, na jioni tulikula tukiwa na fulana tu.

Basi ndivyo ulivyopata jina. Tulipohamia huku Bordesley Green meza ya jikoni ikawa yako, na Jumapili tukitoka kanisani nami nikikoroga mchuzi, nyumba yote ilinuka risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka na kitunguu. Watu walikuja kutoka Acocks Green wamebeba visanduku vyao kwenye mifuko ya dukani. Ulikuwa na maneno yako kwa kila mmoja, na kwangu ulikuwa na yale machache: "Zima, ngoja, pima, ndipo uguse." Nilidhani unanitania tu, mtu na mke wake. Kumbe ulikuwa unanifunza.

Halafu mikono yako ikaanza kutetemeka.

Hilo sitalipamba. Niliiona kabla hujaniambia, siku ulipomwaga chai ukasingizia kikombe. Madaktari wakasema yao. Jumapili iliyofuata ukakaa mezani na kisanduku cha mtu, ukashika chuma cha kuchomelea, ncha ikawa inacheza kila mahali isipokuwa pale ulipotaka. Ukakirudisha polepole. Hukuniangalia. Ukasema, "Mama Neema, njoo ushike."

Haki ya Mungu, siku hiyo niliungua vidole viwili! Nilikandamiza ile bodi kwa nguvu zangu zote, nawe ukapiga kelele, "Wee! Gusa tu! Hiyo si ugali!" Tukacheka hadi mwanetu akashuka ngazi kuuliza tunacheka nini, "What's so funny?" Tangu hapo macho yakawa yako na mikono yangu. Baadaye hata macho yakawa yangu, wewe ukawa unasikiliza tu. Wateja wakija, ulikuwa ukisimama mlangoni mikono mfukoni, ukiwapigia soga, ukiwakabidhi vifaa vyao, wao wakikusifu. "Fundi, mkono wako haujawahi kuniangusha!" Na mimi niko jikoni naosha sufuria.

Uliniomba nisiseme. "Usiwaambie. Wakijua wataanza kunihurumia, na mimi huruma ya watu siiwezi." Nikanyamaza, kwa sababu nilikupenda na kwa sababu nilikuelewa. Lakini hukuwahi kuniuliza kama mimi pia ningependa kuambiwa ahsante fundi, hata mara moja.

Sasa nikueleze kilichotokea.

Tuliporudi kutoka kukuzika Bungoma, wenzetu wa huku wakaja kwa maombi. Shemeji Wafula akaja kutoka Coventry na sanduku la safari tupu. Wewe unamjua ndugu yako, hana roho mbaya. Alisema kwenu vyombo vya kazi vya mwanamume havilali nyumbani kwa mjane, vinarudi kwao. Alishapanga vyako viende kwenye chuo cha ufundi nyumbani, vijana wafaidike. "Shemeji," akaniambia kwa upole, "wewe ni mtu wa hospitali. Hapa vitashika vumbi tu." Nilikuwa nimechoka mno. Nikamtazama akizikunja nyaya zako moja moja, akiweka mita ya kupimia umeme, akiweka lile kopo la biskuti lenye kapasita zako. Chuma cha kuchomelea akakizungushia taulo. Baba Neema, nilihisi kama mikono yangu mwenyewe ndiyo inafungwa ndani ya sanduku.

Na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Si unajua tena, nyumba ya msiba haifungwi mlango, anayekuja asibishe hodi kama mgeni. Nyumbani ni sawa, jua lipo. Lakini ilikuwa Februari, Birmingham! Upepo unaingia mbele unatokea nyuma. Jirani yetu Mama Jaspal, Singasinga wetu wa Kisumu, aliufunga mara ya kwanza, mama mmoja wa kanisa akaenda kuufungua. Akaufunga tena, ukafunguliwa tena. "Wee mama," Mama Jaspal akanong'ona sebule yote ikamsikia, "marehemu amesema sisi tugande?" Shemeji naye kila akisikia baridi alikuwa akienda kuizungusha thamostati, hadi ikafika nyuzi thelathini. Thelathini, na mlango wazi! Boila ikafanya kazi kutwa nzima ikipasha joto barabara.

Ndipo katikati ya wimbo nikaisikia kutoka jikoni. Ta-ta-ta-ta.

Neema akaja akanigusa bega. "Mum, the heating's gone." Joto limekatika. Watu wakaanza kuvaa makoti yao. Shemeji akatoka nje kupigia kampuni ya boila, akarudi na jibu: aina hiyo hawaitunzi tena, tung'oe yote tununue mpya, na mtu wa kuifunga atapatikana wiki ijayo. "Nitawatafutia hita ndogo," akasema. Alisema vizuri, hakuna neno. Lakini mimi pale nikakumbuka Winson Green, nikamkumbuka yule wakala akitikisa kichwa. Ala! Nyumba yako wewe, ikose joto siku ya maombi yako, na dawa yake imefungwa kwenye sanduku hapo mlangoni?

Nikalifungua lile sanduku mbele ya watu wote.

"Shemeji, unatafuta nini?" Wafula akaniuliza.

"Natafuta chuma changu."

Wachache walicheka, wakidhani majonzi yamenizidi. Nikazima swichi ya boila, nikasimama. "Mbona amesimama?" mtu akauliza. Nilikuwa nangoja, kama ulivyonifunza, maana umeme hubaki umejificha ndani hata ukizima. Mzee wa kanisa akaanzisha pambio, nadhani ili kuondoa aibu. Nikakifungua kile kisanduku cha kando ya boila. Nikapima. Kapasita ilikuwa imebaki na chini ya nusu ya nguvu zake, maskini, nayo ilikuwa imeshikilia msiba mzima. Nikachagua nzuri kutoka kwenye kopo lako, nikayeyusha risasi, nikatoa ya zamani, nikatia mpya. Niligusa tu. Sikusonga ugali. Nilipowasha umeme ikalia mara moja, ta, ikashika. Boila ikanguruma.

Pambio likaisha lenyewe.

"Alikufunza lini?" Shemeji akauliza.

Ningeweza kusema, aa, nilikuwa nikimwangalia tu. Hivyo ndivyo ulivyotaka. Lakini nilikuwa nimesimama na chuma mkononi, kingali moto, na nikaona nikisema hivyo kitarudi kwenye taulo. Nikawaambia yote. Kwamba miaka yako ya mwisho hukuweza kushika chuma, kwamba kila kisanduku kilichotoka nyumba hii kilitoka mikononi mwangu.

Shemeji akauliza, "Hata yangu?"

"Hata yako."

Uso wake ulibadilika. Yeye alikuwa akiwasimulia watu Coventry jinsi kaka yake alivyomtengenezea thamostati akiwa mgonjwa. Akasema namvunjia marehemu heshima mbele za watu, tena siku ya maombi yake. Nikamjibu kwamba heshima yako haihitaji mimi nifutwe ndipo isimame. Wewe ulinifunza kazi huku mikono ikikukatalia, na hiyo ni sifa kubwa kuliko wanayokupa. Na hivi vyombo, nikamwambia, havibanduki. Vijana wa chuo nitawatafutia vingine, hata kuwafundisha nitaenda, lakini hivi ng'o!

Kisha nikaenda kuufunga mlango. Yule mama wa kanisa alishainuka. Nikamwambia, "Kaa, dada. Msiba uko ndani, hautatoroka."

Shemeji aliondoka na sanduku lake tupu. Hajanipigia tangu siku hiyo, na inaniuma, sitakudanganya. Wengine wanasema nilikungoja ufe ndipo nijitangaze. Waseme. Mimi nakulilia kila nikitandika kitanda, nakulilia dukani nikiona chai uliyoipenda, lakini siwezi kukulilia na wakati huo huo nikajizika nawe. Hilo hukuniomba, na hata ungeniomba, safari hii ningekukatalia.

Nina hasira pia na wewe, wacha niseme. Hasira kidogo. Ungewaambia mwenyewe, ukiwa umesimama pale mlangoni mikono mfukoni. Maneno machache tu, "Ni mke wangu." Ungeniachia hilo, nisingelazimika kulisema peke yangu mbele ya watu waliovaa makoti. Lakini najua ulivyokuwa ukiogopa, na bado nakupenda hivyo hivyo.

Meza ni ile ile. Jumapili nanuka risasi na kitunguu. Mama Jaspal ameshaleta kisanduku chake na cha dada yake, na hakuuliza fundi ni nani, aliniambia tu, "Fanya haraka, baridi haina adabu." Neema anasema hapendi hiyo harufu, lakini siku hizi anafanya homework yake hapo hapo mezani.

Nilikuwa nimefika hapa, natafuta maneno ya kukuaga, simu yako ikalia. Mara hii sikuiacha inyamaze. Alikuwa bibi mmoja, sauti imejikunja kwa baridi, akasema thamostati yake inalia ta-ta-ta na kampuni imemwambia aitupe. Akaniuliza kama anaweza kuongea na fundi.

Nikamwambia, "Unaongea naye."

Lala salama, mpenzi wangu. Kuna mtu anasikia baridi, nami nina kazi.

Mkeo,
Mama Neema, fundi