Kisiki cha Lusina

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Leo nimeanza kazi ya kujitolea kwenye hifadhi ya mto, hapo chini ya mtaa wa Kware. Nasike, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyeniingiza. Ati nimejifungia sana nyumbani Kayole tangu mke wangu Muhonja azikwe. Kazi ni kung'oa mimea ya kigeni inayoisonga ile ya asili. Tuko kumi na wawili. Nimewashinda wote! Lantana nimeing'oa hadi miiba ikaomba msamaha. Nikawaambia kule Webuye niliwahi kung'oa mikaratusi kwa mikono mitupu. Nasike akacheka: Anko, mwaka jana ulikuwa mmoja, leo mbona mitatu?

Sikusema mitatu. Nilisema miwili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Gordon, msimamizi wetu, amepita na rangi nyekundu, akitia alama miti ya kigeni. Mti wenye alama utakatwa wiki ijayo.

Ule mti wa lusina wa ukingoni una alama.

Nimerudi nyumbani bila kuaga mtu. Mimi!

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike, labda moyo utatulia. Mwanangu Opicho alizaliwa tukiwa ploti ya Kware, orofa ya tano. Kitovu kilipodondoka, mama yangu akauliza tutakizika wapi — simiti juu, simiti chini! Akakifunga kwa kitambaa, tukateremka mtoni, tukakizika, nikapanda lusina juu yake. Ndio mche niliopata. Mama akasema mtu hurudi kilipo kitovu chake.

Opicho yuko Saudia, dereva wa lori. Sasa ni miezi minane simu yake haiingii. Ofisi iliyompeleka imefungwa, mlango una kufuli.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepiga. Haiingii.

Jumamosi, 18 Oktoba

Gordon ameniita mbele ya wote. Mzee wa mikaratusi, huu hapa wako! Nikakataa. Nikasema chini yake kuna kitovu cha mwanangu. Nikaeleza yote, polepole, bila kutia chumvi hata punje.

Halafu wakacheka! Jamaa mmoja akasema, Mzee, ya leo ni kali kuliko ya mkaratusi.

Nasike hakucheka. Aliangalia viatu vyake. Anko, akasema, mengine yote sawa, lakini Opicho usimfanye hadithi.

Hata yeye.

Gordon si mtu mbaya. Alisema ukiachwa huu mmoja, mbegu zake zitajaza ukingo wote. Ni kweli. Miche yake nimeing'oa mwenyewe, zaidi ya mia. Basi nikachukua msumeno. Kama ni kuanguka, usiangushwe na mgeni. Nikakata. Miaka ishirini na sita, na haukuchukua hata robo saa.

Kisha nikapewa kopo la dawa na brashi. Lusina usipopakwa dawa kwenye kisiki huchipuka tena. Gordon akaitwa upande wa pili. Nikapiga magoti. Nikachovya brashi — nikaifutia kwenye gogo lililolala pale.

Nasike akaja na daftari. Umepaka, Anko?

Nimepaka.

Akaandika.

Umri huu wote nasema, na hakuna aliyewahi kuniamini upesi hivyo.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimepita pale. Kisiki kikavu. Nimekimwagia maji ya chupa. Kesho kutwa tena.

Alhamisi, 23 Oktoba

Hakuna kitu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Kimechipuka! Upande wa mtoni. Chipukizi cha kijani, kidogo kama punje ya mtama.

Kesho Gordon anakagua visiki vyote. Sijui nifanye nini. Kukibandua ni kazi ya ukucha mmoja. Naandikia hapa hapa, daftari juu ya goti. Nimepiga simu nikiwa nimekishika. Leo imeita mara moja, ikakatika — naapa, imeita! Lakini nitamwambia nani?

Kuna mtu anateremka. Ni Nasike, na daftari lake. Ananiita, Anko, unafanya nini hapo peke yako?

Nimevua kofia. Nimeiweka juu ya kisiki.