Chungu Ndiyo Dawa

Dada yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza najua hukuiitikia. Mimi huku mzima wa mwili, wasiwasi wangu ni kwako. Goti linaendeleaje? Shemeji bado anakohoa asubuhi, au sigara ameacha kweli kama alivyoapa? Na fundi viatu, mguu wake vipi? Nimemweka wa mwisho lakini ndiye ninayemuwaza kuliko wote. Sisi wengine tunakula, yeye analiwa na kidonda.

Naandika kwa sababu simu zangu unazikata. Juzi nimepiga, ikaita kidogo tu, ukaikata. Nikamwambia wifi yako: dada mzima, vidole vyake vina nguvu. Barua hii nimempa jirani yako mwenye duka alipokuja kununua mali, nikamwomba asikupe ukiwa karibu na moto. Isome yote, halafu uichane.

Ule ujumbe wako wa sauti niliusikia wote, matusi na yote. Ulisema wasomi wa maabara wamelidharau jani la mama la kutibu vidonda kwa sababu halikuja kwenye boksi. Ulimtaja Mkuu wetu, ukamtaja na yule binti mkemia, ukasema wao ndio waliompa Bwana Afya nguvu ya kuja kufunga chumba chako cha dawa kwa kufuli mbele ya mtaa mzima, wewe umesimama na kanga ya jikoni. Dada, Mkuu mtukane utakavyo, nitakusaidia na maneno mengine. Lakini binti yule mwache. Soma nikueleze.

Wewe unajua nafanya kazi maabara, ila nafanya nini hujui. Watu wa huko wanadhani mimi ni daktari na sijawahi kuwakatalia. Mimi ni mtwangaji. Majani yakija nayaosha, nayakausha kwenye tanuri dogo, nayatwanga, nayachekecha. Kinu ni cha umeme, lakini ni kinu tu. Unga ukiwa tayari naupeleka chumba cha pili kwa yule binti, tunamwita Binti Tone, maana kutwa kucha kazi yake ni kudondosha tone hapa, tone pale. Anaulowanisha kwa spiriti, anauchuja, kisha anavitenganisha vilivyomo. Ana kipande cha kioo kilichopakwa unga mweupe. Anaweka tone la dawa chini, anakisimamisha kwenye kikombe chenye maji ya kemikali, na maji yanapanda yakibeba vitu vya lile jani, kila kimoja kinakwama mahali pake. Akiwasha taa ya zambarau unaona madoa yamepangana kama vifungo vya shati. Kila doa ni kitu kimoja kilichokuwa kimejificha ndani ya jani. Mara ya kwanza niliyaona madoa ya jani la mama nilitaka kulia, nikasingizia spiriti imeniingia machoni.

Mkuu kazi yake ni plasta. Si zile za dukani za kubandika kwenye mkwaruzo. Ya kwake ndani ina utando laini kama ute wa yai, dawa imo humo, inatoka kidogo kidogo. Mgonjwa analala nayo, anaamka nayo, anakwenda kazini, dawa inaendelea kutoka. Nilipoiona nilikuona wewe umeinama juu ya mguu wa fundi viatu, unaweka kitambaa, kinakauka, unaweka kingine, goti linalia na wewe unalitukana. Ndiyo maana nikaja kukuomba lile gunia la majani. Hilo nalisema bila kuinamisha kichwa. Nia ilikuwa njema na sitaitubia, hata ukinichapa.

Sasa kumbuka siku ile. Mimi nafunga gunia nyuma ya pikipiki, wewe uko mlangoni unanielekeza, dereva anapiga honi. Ukasema neno la mwisho: chungu ndiyo dawa, usije ukasahau. Nikakujibu sawa, sawa. Dada, mimi nilikumbuka utotoni uliponidanganya nilitafune lile jani, nikatema mpaka chakula cha jana, wewe unacheka umeshika ukuta. Kwa hiyo uliposema chungu nikasikia ule ukali wa mdomoni. Wewe ulikuwa unasema chungu cha kupikia. Kile cha udongo, cha mama, chenye masizi mgongoni.

Binti Tone akaniuliza, kati ya madoa yote haya, dawa ni lipi? Plasta zilikuwa chache, hakuweza kuyajaribu yote. Nikamwambia, bila hata kukohoa, ni lile lililo chungu. Akayaonja kwa ncha ya ulimi, kosa ambalo Mkuu angemfukuzia, akalipata. Hilo likaingia kwenye plasta, mengine tukamwaga. Watu waliojitolea wakabandikwa. Vidonda havikufunga, na ngozi pembeni zikawasha na kuwa nyekundu kama zimepakwa pilipili. Mkuu akaandika ripoti kwamba jani lile halina dawa na linaunguza ngozi. Bwana Afya wa huko akaisoma, akanunua kufuli.

Halafu ukaja ujumbe wako. Katikati ya makelele ukauliza: hao wenzako walipikia nini, sufuria? Si nilikwambia chungu ndiyo dawa? Nilikuwa nimesimama kando ya kinu. Nikakizima. Wenzangu wakauliza kuna nini, nikasema umeme.

Nikaenda sokoni nikanunua chungu. Nikamwambia Binti Tone kwamba nimekumbuka kitu. Akapika majani kama unavyopika wewe, moto mdogo, mfuniko umebanwa, muda mrefu, na mengine akayapika kwenye sufuria ili alinganishe. Ya sufuria yalibaki vile vile. Ya chungu, lile doa chungu lilififia, na juu yake pakatokea doa jipya ambalo hatujawahi kuliona. Alilidondosha kwenye kisahani chenye vijidudu vya usaha, kesho yake vijidudu vimekufa kulizunguka, pamebaki duara safi kama uwanja uliofagiliwa. Akanieleza kwamba udongo na moto wa polepole ndivyo vinavyokivunja kile kitu kichungu na kukigeuza dawa. Yaani nilichowapa ndicho ambacho chungu cha mama kilikuwa kinakiondoa! Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Nilidhani sasa Mkuu ataifuta ile ripoti. Akasema ripoti iliyokwisha toka hairudishwi, watu watatuona hatujui kazi. Bora hili jipya lije kama jipya, njia ya kupika iliyobuniwa na maabara yetu. Ya zamani iachwe ilale. Nikamuuliza, na yule mama aliyefungiwa chumba? Akaniuliza mama gani.

Dada, hapa ndipo pagumu. Kaa chini kama umesimama.

Hakumjua mama yeyote kwa sababu sikuwahi kumwambia kama yupo. Siku nilipoleta lile gunia waliniita kwenye kikao, wakauliza mwenye ujuzi wa dawa hii ni nani. Nikasema ni mimi. Nikasema mama kabla hajafa aliniita peke yangu akanifundisha. Mimi! Niliyekuwa nikitumwa kuni narudi na mpira. Waliniangalia kwa macho ambayo mtwangaji haangaliwi nayo, dada, Mkuu akanivutia kiti, na kile kiti kilikuwa kitamu. Baadaye Binti Tone aliniomba zaidi ya mara moja tumpigie mtu yeyote wa nyumbani kuhakikisha. Nikamkatalia, nikasema hakuna mwingine anayejua. Ningekupigia hata dakika moja, ungeniambia chungu gani, na leo fundi viatu angekuwa anatembea. Sikukupigia kwa sababu ungetokea, na ukitokea mimi narudi kwenye kinu.

Kwa hiyo usiseme ni sikio. Sikio lilikosea mara moja. Mdomo ndio uliokuibia, na ukaendelea kukuibia huku ukikuita dada mpendwa kwenye simu. Kufuli lile Bwana Afya alilipiga, lakini nililichonga mimi. Nisamehe. Sitaliremba neno hilo kwa maelezo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Wageni walikuja kuiangalia plasta mpya. Mkuu akanipanga nisimame niwaeleze jinsi mama alivyonirithisha. Akaninunulia na shati. Nikasimama nalo. Nikawaambia mimi sikurithishwa kitu, mimi ni mtwangaji na mwongo. Mwenye dawa ni dada yangu, na muda huu chumba chake kina kufuli kwa ripoti iliyotoka humu ndani, na njia ya chungu haikubuniwa na mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Mkuu akacheka, akawaambia wageni huyu mzee leo hajisikii vizuri. Nikasema najisikia vizuri kuliko mwaka mzima uliopita. Binti Tone akainuka naye, akasema yeye ndiye aliyepima na anaifuta kazi yake ya kwanza mbele yao wote. Mgeni mmoja akauliza, huyo dada anaitwa nani? Nikamtajia jina lako lote, mpaka la babu.

Nimefukuzwa, bila shaka. Nilidanganya kikao, wana haki, na hilo siwalaumu. Lakini Mkuu aliniita pembeni akaniambia nikikanusha niliyosema nitarudishiwa kinu changu. Nikamvulia lile shati palepale kwenye korido, nikamkabidhi, nikatoka na fulana. Wifi yako aliponiona nakuja hivyo barabarani alidhani nimeibiwa.

Kufuli bado lipo, najua. Barua ya Binti Tone imeshafika kwa Bwana Afya, na Jumamosi tunakuja wawili. Nitasimama mbele yake na mbele ya huo mtaa uliokuona na kanga, nirudie yote, polepole, hata wale wanaoniita daktari wasikie. Akisema hafungui, nitakaa mlangoni pa ofisi yake mpaka aniruke akienda nyumbani. Sina kazi, nina muda wote.

Wifi yako anakusalimu sana. Amesema ukinifukuza nisirudi kwake nikilia. Nisalimie shemeji, na fundi viatu mwambie avumilie kidogo, plasta ya kwanza ni ya mguu wake, hiyo Binti Tone ameahidi.

Ukitaka kunifungia mlango, nifungie, sitagonga mara mbili. Ila chungu cha mama kitoe nje, na yule binti umpe kigoda, umweleze mwenyewe tangu mwanzo. Mimi nitasimama uani, jua likiwaka liwake, na safari hii nasikiliza kwa masikio yote mawili.

Ni mimi mdogo wako, yule yule ambaye mama alimwita

Nusu Sikio