Nyota yako haikumezwa

Mwalimu Kalala,

Ni mimi, Mama Masika, mwenye nyumba yako ya Kimemi. Tangu malaria ikubebe, chumba chako nilikiacha vile kilikuwa. Radio tu njo nilichukua. Asubuhi hii ilisema ile nyota ulikuwa unafuata, yenye kuzunguka shimo jeusi kule mbali katikati ya nyota zote, imepita karibu kabisa na shimo. Haikumezwa. Ilikimbia mbio, ikageuka, vile hesabu yako ya uvutano ilisema. Na mimi niliapa itamezwa! Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia.

Unakumbuka vile ulifundisha batoto jambo hili na shuka yangu ya harusi? Ulibashikisha pembe zake ine, ukaweka boga katikati, maharagi ikakimbia kuzunguka boga. "Mama, shimo lenyewe hatulione," ulisema, "lakini tunaona vile nyota inakimbia pembeni yake. Kwa hiyo tunapima kama hesabu ni ya kweli." Shuka ikapasuka. Boga ikaangukia mguu wa directeur wa shule.

Kisha mutu akapelekea basoda wenye bunduki habari: mwalimu wa Kasai anajua shimo kubwa. Bakawaza ni ya dhahabu, upande wa Kalunguta. Bakakukamata. Nilikuja kambini kwao na bugali na woga, juu wengi balikuwa banaingia mule na hawatoke. Nikakukuta unachora chini na kijiti, commandant amechuchumaa pembeni yako.

"Iko mbali?"

"Mbali sana, chef. Mwangaza wenyewe unatumia maelfu ya miaka kufika hapa."

"Tuko na camion. Ni kundi gani la wapiganaji linaikamata?"

"Hapana mutu. Mwenye kuingia hatoke tena."

"Hata basoda?"

"Hata basoda. Hata camion."

Commandant akasimama. Kisha akanigeukia: "Mama, peleka huyu mutu nyumbani. Na shimo yake."

Njiani mimi nilikuwa namushukuru Mungu, wewe ulikuwa unasikitika somo halikuisha. "Alikuwa ameanza kuelewa," ulisema.

Mwalimu, mama yako kule Kananga bado hajui. Njia imefungwa, vita iko katikati, anawaza ungali unafundisha. Amani ikirudi nitaenda mwenyewe, na lori, na mutumbwi, na miguu. Habari hii hapana ya kutuma na mutu. Nitaketi karibu yake, nimwambie jioni ile ya mwisho ulikula kidogo, ukaniomba nikufunike, na mukono wako ulikuwa ndani ya wangu.

Lala muzuri, mwanangu.

Mama Masika