Sakafu Nyuma ya Jiko Langu

Jumatatu, 4 Agosti
Miezi mitatu hujafungua daftari hili, Sumirah! Mvivu mkubwa. Mjukuu kakufundisha herufi uzeeni, halafu unawaachia buibui. Haya, andika.

Wachimbaji wa mambo ya kale wako nyuma ya jiko langu. Ratri, mjukuu wangu, ni mmoja wao. Hapa Trowulan ukipanda muhogo unagonga tofali la Majapahit, ufalme wa kale, sikushtuka. Wamepata sakafu ya matofali ya miaka mia sita. Mkuu wao, Pak Handoyo, anasema ni bafu la mtu wa kasri. Jumamosi ataamua. Likiwa bafu, watachimba kufuata maji yalikotoka — chini ya banda la farasi wangu Jempiring! Ahamishwe. Na mimba yake pevu!
Nimewapa chai hata hivyo. Wamekonda.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshuka shimoni. Bafu gani! Hili zizi la farasi. Matofali yamelazwa kwa ubavu, kwato zisiteleze. Sakafu inainamia nyuma, kwenye mfereji. Mbele, vishimo viwili vilivyolika — hapo farasi huparapara chakula kikichelewa. Miaka arobaini nimefagia sakafu ya namna hii, marehemu mume wangu akiendesha gari la farasi.

Nimemwambia Ratri. Kumbe anajua, ila anaogopa kumbishia mkuu. Nikamwuliza huko chuo kikuu wanasomea kunyamaza?

Halafu nikaona — ule udongo mweusi wa juu ya sakafu wanaumwaga migombani! Eti matofali yapendeze pichani. Nimevunja donge, nimelisugua kiganjani. Samadi iliyokanyagwa. Nimejaza ndoo, nimeificha jikoni.

Alhamisi, 7 Agosti
Ratri ameuosha udongo wangu kwa chujio la tui. Makapi ya mpunga yakaelea! Na mabua, yamekatwa mafupi — urefu ninaomkatia Jempiring! Tumecheka mpaka machozi. Mtu wa zamani kabisa, mkono wake kama wangu.

Kayapeleka mwenyewe kwa Pak Handoyo. Mimi nyuma ya mlango. Mzee anasema labda ni takataka, zilitupwa bafuni baadaye. Mkaidi! Ila Ratri hakunyamaza. Akaendelea kumwonyesha mabua.

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi, wanakunywa chai, nikamteremsha Jempiring shimoni. Pak Handoyo akaja mbio, analilia matofali yake. Nikamwambia yamebeba wazito kumshinda huyu.

Jempiring akasimama. Miguu ya mbele ikaingia kwenye vishimo. Akaparapara. Kisha akakojoa — mkojo ukateremka wenyewe, ukaingia mferejini, ukatoka nje.

Pak Handoyo akachuchumaa, akaufuata kwa macho hadi mwisho.
"Bibi," akasema, "wiki nzima natafuta bafu kwenye zizi."
"Basi farasi wangu hahami?"
"Hahami. Mrudishe bandani."

Nikavuta kamba. Hataki! Nikavuta tena — akalala palepale. Chupa ya uzazi ikapasuka!

Sasa naandika nimekaa kwenye rundo la matofali, daftari gotini. Ratri anatandaza majani makavu. Pak Handoyo amevua koti, anauliza ashike wapi. Nimemwambia ashike ulimi. Kwato mbili ndogo zimechungulia — na pua! Ratri ananiita.

Wewe Sumirah, ukirudi kwenye daftari hili, mambo ya zizi yasubiri. Andika kwanza kama mtoto amesimama na kunyonya.