Nywele Nilizonyolea Lindi

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Mama tena. Mara ya tatu tangu Agosti, ilipofika barua ya dada Romana kwamba walishamzika tangu Juni. Anakuja mpaka mlangoni, ananipapasa kichwa kwa ule mkono wenye kovu la uji, kisha anageuka kama aliyekosea nyumba. Hasemi kitu. Naamka nimechoka kuliko juzi, na juzi tulikwangua chumvi kwenye majaruba manne ya maji ya bahari.

Haruna, ninayelala naye chumba kimoja hapa Mitwero, anasema marehemu akija kimya ana shida. Anataka nimweleze yote. Nimemweleza nusu.

Jumanne, 4 Oktoba
Haruna kauliza nilinyoa lini. Siku ile ile ya barua, nikasema, kwa kinyozi wa sokoni Lindi. Akashika mdomo. "Umenyoa peke yako, Mmakonde? Kwenu si mnanyolewa ndugu wote pamoja, siku ya kuanua matanga? Ndiyo maana hakutambui. Nenda kwenu ukanyolewe na wenzako."

Mmwera wa Kitomanga ananifundisha mila zetu. Lakini ndivyo ilivyo. Mimi nilidhani nywele ni nywele.

Kwenda siwezi. Kwetu Newala ni siku mbili, na mwenye majaruba huyu mpya katangaza: jina likiitwa mara mbili bila jibu, nafasi ni ya mwingine. Getini wanasubiri watu kumi kila asubuhi. Mmoja wao Abdurahmani, shemeji yake Haruna.

Jumatano, 5 Oktoba
Haruna anasema mama kamtokea na yeye. Kamshika kwa mkono wenye kovu, kama la uji wa moto. Sikumbuki kumwambia habari za kovu. Labda naweweseka.

Alhamisi, 6 Oktoba
Mama kaja na khanga ya njano, kabeba ungo uliotoboka. Kasimama tu.

Ijumaa, 7 Oktoba
Naandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Hiki kinakaa mfukoni, si kwenye daftari.

Ndoto ya jana niliitunga. Mama hakuwahi kuvaa njano, alisema inaita nzi. Daftari nililiacha chini ya mkeka, juu yake punje tatu za chumvi. Jioni punje hazikuwepo. Leo tunakula muhogo, Haruna kaanza: "Mama yako karudi kwangu. Khanga ya njano. Na ungo umetoboka, Modesti. Baraka zinavuja, nenda."

Nikaitikia, "Kumbe."

Mtu huyu kila mwisho wa mwezi anaweka dole gumba kwenye karatasi ya mshahara, eti kalamu haijui. Nimecheka peke yangu. Siendi popote.

Jumapili, 9 Oktoba
Nimekutana na Eusebio wa kijijini kwetu, nje ya kanisa. Kaja na wanunuzi wa korosho — siku hizi kila mwenye lori ananunua. Kanitazama kichwa kabla ya salamu.

"Umenyoa? Wenzako nywele zinawanuka, kaka. Huu ni mwezi wa tano tangu mazishi. Romana analala chini mpaka leo. Wewe ndiye mkubwa, hujafika; nani atangulie kwenye wembe?"

Mbona barua haikusema?

"Ulitaka dada yako akuamrishe?"

Lori lao linarudi Newala kesho saa kumi na mbili asubuhi. Saa ile ile ya kuitwa majina.

Haruna mwongo. Na aliyoyasema ni kweli. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatatu, 10 Oktoba
Getini. Naandikia gotini.

Alfajiri nilimwekea Haruna daftari wazi, na kile kipande cha mfuko juu yake. "Ndugu yangu, mimi maandishi siyajui," kasema. Macho yake yakaenda na mistari mpaka chini. Kisha akanifungia begi langu, vizuri sana. Sijui ni aibu au ni haraka.

Abdurahmani yuko nyuma yangu. Kaja na ndala mpya. Ng'ambo ya barabara lori limeshawashwa, Eusebio anapunga kofia.

Najipapasa kichwa. Zimeota kiasi cha wembe kushika.

"Modesti," kasema msimamizi. Anangoja kidogo. Ataita mara moja nyingine.