Viazi Viwili, Kanisa Moja

Punta Arenas, 4 Januari 1996

Mpwa wangu Audolina,

Kosa la karibu kila anayeshika kamera kwa mara ya kwanza ni kudhani kwamba lenzi ndefu humsogezea kitu karibu. Hakisogei. Nimelitanguliza hilo kwa sababu uliniuliza, "Mjomba, kati ya lenzi mbili ulizonipa, ipi inaleta kanisa letu karibu?" na sikupenda ulale na wazo hilo. Sasa salamu. Hujambo? Magoti ya mama yako yanaendeleaje na unyevu wa kisiwani? Sisi huku ni wazima, ila upepo umeondoka na bati la banda la kuku, pamoja na kuku mmoja.

Namba iliyoandikwa kwenye lenzi, 28 au 200, ni urefu wa fokasi kwa milimita. Wewe ichukulie hivi: namba ndogo hutazama kama mtu aliyefungua dirisha zima. Namba kubwa huchungulia kwenye tundu la ufunguo, kisha kile kipande chembamba ikakitandaza kujaza picha nzima.

Weka viazi viwili vinavyolingana mezani, kimoja mbele, kingine nyuma yake umbali wa mkono. Funga jicho moja. Viinamie karibu: cha mbele ni jitu, cha nyuma ni mtoto wake, na meza kati yao ni ndefu. Sasa rudi nyuma hadi mlangoni. Vinakaribia kulingana, na meza imepotea. Viazi havikusogea, umesogea wewe. Lenzi hukuza tu yale ambayo miguu yako imekwisha kuyaamua.

Ukimaliza, mpe mama yako avikune, awapikie milcao, vile vitumbua vya viazi.

Mjomba wako,
Eleuterio


Lemuén, Chiloé, 2 Februari 1996

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na bati limepatikana. Sisi miili ni mizima, mioyo ndiyo imechafuka.

Gazeti la mjini limetoa picha ya kanisa letu, iliyopigwa kutoka kilima cha ng'ambo ya ghuba. Humo kanisa limekaa kwenye mdomo wa jabali kabisa, kama mtu aliyening'iniza miguu baharini. Wiki ileile halmashauri ikaja kupigilia ubao mlangoni: hatari, limefungwa, litabomolewa. Na kampuni ya kufuga samaki inautaka ufuko ulio chini ya kanisa kwa gati yake. Tulipima kwa kamba kutoka ukingoni hadi kwenye ngazi. Diwani Ligorio Barría akasema kamba yetu ni ya kufungia ng'ombe, si ya serikali.

Basi nikachukua lenzi ya 28, nikachuchumaa ukingoni, nikapiga picha kuelekea kanisani. Kwenye mkutano wa halmashauri Diwani akaishika, akacheka. "Binti, hapa hata ndege ingetua. Na kanisa lenu limekuwa kibanda cha mbwa." Ukumbi mzima ukacheka, hata binamu yangu.

Sasa watu wamekata shauri kufanya minga. Wataliwekea kanisa magogo chini na kulivuta kwa maksai hadi shambani kwa Don Ruperto, kama tunavyohamisha nyumba zetu siku zote. Ni Jumamosi ya tarehe 17. Mama ameanza kukusanya viazi vya kuwalisha wavutaji. Don Ruperto anasema, "Jengo likikaa vibaya, hubishani nalo, unalivuta." Mimi sitaki, lakini sina hoja. Niambie, Mjomba, ni lenzi ipi inayosema kweli?

Mpwa wako,
Audolina


Punta Arenas, 9 Februari 1996

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima. Salamu nyingine zingoje, posta inafungwa.

Msihamishe kanisa. Mkilivuta mtakuwa mmekiri kwamba picha ile ilisema kweli, na ufuko mtakuwa mmeufagia wenyewe na kuwakabidhi wafuga samaki. Ruperto alikaa dawati moja nami. Mwambie nimesema safari hii inayohamishwa ni miguu ya mpiga picha.

Hakuna lenzi ya kweli wala ya uongo. Yule wa gazeti alisimama mbali, uso kwa uso na kanisa, meza ikapotea kama ulivyoona kutoka mlangoni. Kisha lenzi ndefu ikakikata kipande hicho na kukikuza. Wewe ulichuchumaa na lenzi pana, majani ya mbele yakawa makubwa na kanisa likakimbilia nyuma. Lakini wote wawili mlitazama kwa kuufuata umbali wenyewe, ule wa kutoka ukingoni hadi ngazini. Nani anajua urefu wa fimbo iliyoelekezwa puani mwake?

Nenda ubavuni. Simama jabali likiwa kushoto kwako na kanisa kulia, urudi nyuma hadi vyote viingie. Katikati yake weka kitu ambacho kila mtu kisiwani anakijua urefu wake. Maksai si wanakuja Jumamosi? Waache waje. Ukimaliza, vuka ghuba, panda kilima cha yule bwana wa gazeti, uwapige picha maksai walewale kwa lenzi ya 200. Wasisogee hata hatua.

Mjomba wako,
Eleuterio


Lemuén, 26 Februari 1996

Shikamoo Mjomba,

Habari za kustaafu? Mama anakusalimu. Magoti yake yalipona ghafla siku ya minga.

Maksai walikuja, jozi saba. Don Ruperto alisoma barua yako, akakuna kidevu. "Huyu Eleuterio tangu utotoni anataka kunifundisha kazi," akasema. "Haya, leteni wanyama." Akazipanga jozi zote mstari mmoja kutoka ukingoni hadi kwenye ngazi ya kanisa, na kati ya jozi na jozi mkokoteni ungepita. Nikapiga kutoka ubavuni. Kisha binamu akanivusha kwa makasia, naye Don Ruperto akinipigia kelele kutoka pwani: "Audolina, ukichelewa, maksai hawa watazaa."

Nimekuwekea nakala za picha zote mbili. Kutoka ubavuni unahesabu jozi saba, na nafasi inabaki. Kutoka kilimani ni mnyama mmoja mwenye pembe kama kichaka, amebanwa kati ya mlango na bahari.

Safari hii ukumbini hakuna aliyecheka. Diwani alizitazama, akazigeuza, akazitazama tena. "Hawa si ndama?" akauliza.

"Jozi ya tatu ni yako, Ligorio," Don Ruperto akamjibu. "Mkeo ndiye aliyetuazima. Umewasahau?"

Lakini jibu hatukupewa. Wanasema tungoje mtaalamu kutoka bara, labda Mei, na picha tuziache ofisini. Nilikataa, nikaondoka nazo. Sikukuu ya San José ni tarehe 19 Machi, na haijapita hata mwaka mmoja bila ibada pale. Nilikosea, Mjomba? Na sasa tungoje?

Mpwa wako,
Audolina


Punta Arenas, 5 Machi 1996

Mpwa wangu,

Marahaba. Hukukosea. Picha zako zipo mezani, na kila anayeingia namkalisha nimweleze. Jirani ameanza kupita njia nyingine. Msalimu Ruperto, umwambie mstari wake umenyooka kuliko mwandiko wake.

Mtaalamu na aje, alipime jabali kwa vyombo vyake. Akikuta ni bovu, tutamsikia, na kamba za kuvutia tunazo. Tunachokataa ni kuhamishwa na mtu aliyesimama mbali.

Nimekata tiketi, nitafika kabla ya sikukuu. Ubao wao hatutaung'oa. Tutasali nje, juu ya majani yale kati ya ngazi na ukingo, mahali ambapo gazeti linasema hapapo. Mama yako asirudishe viazi vya watu.

Nawe usiningoje. Leo hii chukua nyundo, uzipigilie zile picha mbili ulizowanyima kwenye ubao wa mlangoni, ubavu kwa ubavu.

Mjomba wako,
Eleuterio